Kauboi hujaza risasi saa ngapi?

JE, msomaji, umewahi kutazama sinema ya makauboi tangu mwanzo hadi mwisho huku ukihesabu risasi? Bila shaka hujawahi. Wengi wetu hushughulika na farasi, vumbi na yule jambazi mwenye masharubu anayejificha nyuma ya pipa. Lakini watoto wa kaka yangu walihesabu, na hesabu yao ndiyo iliyozaa makala haya.

Ilikuwa Desemba, msimu ambao sisi watu wa mijini hujazana ndani ya mabasi kuelekea magharibi tukiwa na mikate ya kupeleka nyumbani. Kwetu ni Bokoli, wilaya ya zamani ya Bungoma, kati ya mashamba ya mahindi na miwa. Usiku ule mvua ilinyesha, hatukuwa na pa kwenda, na vijana wakaweka filamu. Kauboi wao alikuwa na bunduki yenye kishikio cha chuma chini ya kitako, kinachofanana na pete kubwa. Alikisukuma mbele, akakirudisha nyuma, mlio ukasikika. Mbele, nyuma, mlio. Mbele, nyuma, mlio.

"Senge," akaniuliza mkubwa wao, mwanafunzi wa kidato cha pili, "huyu hujaza risasi saa ngapi? Tumehesabu 23 na hajajaza hata moja."

Nilibaki kinywa wazi. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si ufundi wa silaha. Nikamwahidi kwamba nikirudi Nairobi nitachungua, na ahadi kwa mtoto ni deni kama madeni mengine.

Asubuhi yake mambo yalibadilika. Vijana walikata mabua ya miwa, wakajificha nyuma ya ghala la mahindi na kuanza kupigana vita vyao. Mmoja alimlenga mtoto wa jirani aliyekuwa akipita na mtungi wa maji. Baba yangu, ambaye wao humwita kuka, alitoka nyumbani akiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Tupa hiyo!" alifoka. "Hapa kwetu hata fimbo haielekezwi kwa mtu."

Mzee huyu si mkali. Kwa hivyo, nilipoketi kuitafuta habari ya bunduki ya kauboi, nilitafuta pia sababu ya baba kusahau kiatu.

Mtutu mrefu, risasi fupi

Tuanze na swali la mtoto. Bunduki ile huitwa ya wenzo, kwa sababu kishikio kile cha chini ni wenzo hasa, kama ule unaosoma katika somo la fizikia. Ukiusukuma mbele, mlango wa chuma ulio nyuma ya mtutu hufunguka, ganda la risasi iliyokwisha kulia huruka nje, na nyundo hukokiwa. Ukiurudisha, risasi mpya iliyoinuliwa kutoka chini husukumwa ndani na mlango hujifunga. Mkono haujaondoka mahali pake. Aliyezoea huweza kupiga risasi kadhaa wakati mwenye gobori bado anamimina baruti.

Sasa, risasi hizo hukaa wapi? Chini ya mtutu kuna bomba la pili, jembamba, na ndani yake risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine kama abiria kwenye foleni ya matatu. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo watengenezaji walilitambua mapema: risasi zikiwa fupi, foleni hubeba nyingi. Na risasi fupi ni zipi? Ni zile za bastola.

Bunduki ya kwanza ya aina hii iliyopata sifa ilikuwa ya Benjamin Tyler Henry wa Marekani, mwaka wa 1860. Ilichukua risasi 15 kwenye bomba na moja mtutuni, jumla 16, na ilitumiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Kampuni ya Winchester iliiboresha mwaka wa 1866. Mwaka wa 1873 ikatoa ile ambayo jina lake lilikuja kuwa jina la filamu, ikitumia risasi iitwayo .44-40, yenye kichwa cha risasi cha gramu 13 hivi.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1878, kampuni ya Colt ilitoa bastola inayotumia risasi hiyo hiyo. Hebu jiweke katika viatu vya mchunga ng'ombe wa Texas aliye safari ya wiki mbili kutoka dukani. Ana mkanda mmoja kiunoni na risasi za aina moja. Akipapasa gizani, yoyote atakayoshika itaingia kwenye bastola na itaingia kwenye bunduki. Hana haja ya kuuliza ipi ni ya wapi. Duka la kijijini nalo liliweka sanduku moja tu rafuni badala ya mawili.

Kuna faida nyingine. Baruti ndani ya mtutu mrefu hupata nafasi ya kuungua na kuisukuma risasi kwa muda zaidi. Risasi ya .44-40 ikitoka kwenye bastola hukimbia kiasi cha mita 280 kwa sekunde. Ikitoka kwenye bunduki ya wenzo hufikia karibu mita 380. Risasi ni ile ile, lakini nguvu yake karibu inaongezeka maradufu.

Aidha, kuna jambo dogo lililonifurahisha. Risasi za bunduki hizi huwa na ncha bapa, kana kwamba zimekatwa kwa kisu. Sababu ni ile foleni ndani ya bomba: ncha ya risasi ya nyuma hugusa tako la ile iliyo mbele, mahali panapokaa fataki. Ncha ikiwa kali, bunduki ikigongwa au kuanguka, inaweza kulipua jirani yake na bomba zima likamlipukia mwenyewe.

Turudi kwa kauboi wetu. Bunduki fupi ya aina hiyo, ile ya kubebwa juu ya farasi, huchukua risasi 12 kwenye bomba. Ukiongeza moja mtutuni ni 13. Kumi zilizobaki katika hesabu ya watoto zilitoka kwa mwongozaji wa filamu.

Na si hapo tu. Bunduki inayoonekana katika filamu nyingi za Hollywood ni Winchester ya mwaka wa 1892, iliyobuniwa na John Moses Browning, hata pale ambapo hadithi yenyewe inasimulia mambo ya miaka ya 1870 au 1880. John Wayne aliizungusha kwa mkono mmoja katika filamu ya Stagecoach mwaka wa 1939, na bunduki hiyo ilikuwa bado haijazaliwa wakati wa hadithi. Watengenezaji wa filamu waliipenda kwa sababu ile ile ya mchunga ng'ombe: kulikuwa na risasi baridi, za mlio tu, zilizoingia kwenye bastola na kwenye bunduki za saizi kadhaa, hivyo mtunza silaha hakuhitaji kubeba masanduku kumi.

Ilifika hadi Bagamoyo

Je, bunduki hizi ziliwahi kufika kwetu? Naam, na mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Henry Morton Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja kumtafuta Livingstone mwaka wa 1871, aliandika orodha ya silaha alizobeba. Ndani yake mna Winchester moja na Henry moja, zote za risasi 16. Lakini angalia vilivyofuata katika orodha: bunduki kubwa ya tembo, na magobori 24 ya jiwe kwa ajili ya askari wa msafara. Yaani mwenye msafara alikuwa na risasi 16 mfululizo, na Mswahili aliyetembea mbele yake kutoka Bagamoyo hadi Ujiji alikuwa na moja, kisha asimame amimine baruti upya.

Mwaka wa 1887 Stanley alirudi, safari hii kumfuata Emin Pasha. Alibeba bunduki 510 za Remington, Winchester 50 pamoja na risasi zake 50,000, na bombomu moja ya Maxim. Meli iliyoondoka Unguja mwezi wa Februari ilichukua wapagazi zaidi ya 600, pamoja na Tippu Tip na watu wake, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo.

Hata hivyo, bunduki ya wenzo ya risasi za bastola haikuota mizizi katika nchi yetu. Mbogo wa hapa si kulungu wa Marekani. Risasi fupi inayokwenda mita 380 kwa sekunde humkasirisha tu. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipokuja kuwinda mwaka wa 1909 na kupiga kambi hadi uwanda wa Uasin Gishu, jirani kabisa na Trans Nzoia, alikuja na Winchester ya wenzo, lakini ile ya mwaka wa 1895. Hiyo ilitumia risasi ndefu na nzito za .405, zilizokaa ndani ya kisanduku, si kwenye bomba. Kwa tembo alikuwa na nyingine kubwa zaidi, ya Kiingereza yenye mitutu miwili. Masetla waliofuata wakalima mahindi yao Kitale wakiwa na bunduki za komeo, na uwindaji wote ukapigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977.

Marekani bado zinatengenezwa, siku hizi kwa risasi za bastola za .357 na .44 Magnum, kwa kuwinda kulungu walio karibu na kwa mashindano ya watu wanaopenda kuvaa kofia za kikauboi. Kwetu, anayetaka silaha yoyote sharti aombe kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha, na sidhani kama ataeleweka haraka akisema anataka ya kauboi.

Ngome ya Chetambe

Basi nikafikia swali la kiatu cha baba.

Ukisimama Webuye na kuinua macho, utaona kilima cha Chetambe kimeuangalia mji na mto Nzoia. Juu yake palikuwa na ngome ya udongo, yenye ukuta na handaki. Watachoni husema ni yao, na jina ni la mzee wao. Wabukusu huitaja kama mahali walipokufa watu wao. Wote wana haki, kwa kuwa waliokuwa ndani walikuwa ndugu na majirani.

Vita vya 1895 vilianzia kwenye bunduki. Misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu ilikuwa imepita Mumias kwa miaka mingi, na bunduki zilipita pamoja nayo. Kisha Waingereza wakaweka kituo pale Mumias, wakilindwa na askari Wasudani. Baadhi ya askari hao walitoroka na bunduki zao wakaziuza kwa Wabukusu, ambao wakati huo serikali iliwaita Kitosh, jina wasilolipenda. Kikosi kilipotumwa kudai bunduki zirudishwe, kilishambuliwa na karibu wote wakauawa. Bunduki zao nazo zikabaki Bukusu.

C. W. Hobley alikuja kukishika kituo cha Mumias mapema mwaka wa 1895. Mwezi wa Agosti yeye na William Grant waliongoza jeshi la askari Wasudani, pamoja na wapiganaji wa Buganda, wa Wanga na Wamaasai. Walianza na ngome ya Lumboka. Wabukusu walipigana vikali, kisha wakaiacha na kukimbilia Chetambe. Huko nako wakafuatwa na bombomu. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia, na mifugo ikachukuliwa.

Msomaji, mimi nilisoma shule ya msingi hukohuko Bungoma, na niliambiwa kwamba wazee wetu walipigana kwa mikuki dhidi ya bunduki. Kumbe habari hiyo ni nusu. Bunduki walikuwa nazo. Kwa hakika, bunduki hizo ndizo zilizoleta vita. Kile ambacho hawakuwa nacho ni kiwanda.

Gobori humlisha mtu yeyote mwenye baruti na kipande cha chuma. Hata changarawe huingia. Lakini bunduki za kisasa za wakati ule, kama Snider na Martini-Henry za Waingereza, zilitaka risasi iliyokamilika: ganda la shaba, fataki, baruti na kichwa, vyote vya kipimo chake. Martini-Henry nayo ina wenzo chini, na kwa mbali ungedhani ni ya kauboi. Haina bomba wala kisanduku. Ni risasi moja, fungua, weka nyingine. Ukiipora ukiwa na risasi 40 za marehemu, una bunduki ya mara 40. Baada ya hapo una rungu zuri.

Wamarekani wa asili walilijua jambo hilo kabla yetu. Tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, Walakota na Wacheyenne walikimaliza kikosi cha Custer. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochunguza uwanja ule katika miaka ya 1980 walikuta maganda mengi ya risasi za Henry na Winchester. Kwa hivyo siku ile baadhi ya wenyeji ndio waliokuwa na bunduki za risasi 16, na askari wa serikali walikuwa na za risasi moja moja. Wenyeji walishinda pale, lakini kila risasi waliyopiga ilitoka kiwandani mwa watu waliokuwa wakipigana nao, na serikali ilipokaza biashara hiyo haikupita mwaka mmoja kabla ya wengi wao kusalimu amri.

Hapa kwetu, Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walipanda Chetambe mwaka wa 1947 kuwakumbuka waliokufa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, polisi walifyatua risasi Malakisi na watu 11 wakauawa.

Wala si habari za kale tu. Kati ya mwaka wa 2006 na 2008, mzozo wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la SLDF katika Mlima Elgon. Watu waliuawa, wengine walikatwa masikio, na jeshi lilipopelekwa Machi 2008 nalo likalaumiwa kwa mateso. Maelfu walikimbilia bondeni huku Bungoma. Baadhi ya watoto waliolala kwa jamaa zao katika vijiji vyetu wakati huo ni watu wazima leo, na wana watoto wao. Baba aliniambia baadaye kwamba yule mama wa mtoto mwenye mtungi alikuja Bokoli kutoka mlimani akiwa msichana mdogo, usiku, bila viatu. Sikumuuliza zaidi.

Tulipopanda kilimani

Likizo ya Aprili niliwapeleka vijana Chetambe. Kuka alikataa kubaki, akaja na fimbo yake. Juu kuna mashamba na nyumba za watu, na mahindi yalikuwa yamefika magotini. Kama huna mwenyeji unaweza kupita juu ya historia yote ukidhani ni mtaro wa maji.

Niliwaeleza niliyojifunza: wenzo, bomba, ncha bapa, risasi 13. Mkubwa alifurahi kuambiwa kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi na sinema ndiyo iliyokosea. Mdogo, wa darasa la nne, alikuwa akifukua udongo kwa kijiti.

"Unatafuta nini?"

"Maganda," akasema. "Umesema walihesabu ya Marekani. Ya hapa nani alihesabu?"

Nilimtazama baba, naye akanitazama mimi. Hapakuwa na jibu, nami bado nalidaiwa hilo pia.

Kama nawe ungependa kuwapeleka watoto wako, nenda msimu wa kiangazi, kwa kuwa njia huteleza sana mvua inaponyesha. Mwombe mkazi wa Webuye akupeleke, bebeni maji ya kunywa, na mwombeni ruhusa mwenye shamba kabla ya kukanyaga mahindi yake. Mkimaliza, maporomoko ya Nzoia hayako mbali, na watoto watapata pa kuosha matope.